Marehemu Anaomba Pasipoti

Hakuna godoro lililotoka mikononi mwa fundi yule bila yeye mwenyewe kulilalia kwanza. Akishashindilia pamba, akashona ubavu wa mwisho kwa ile sindano yake ndefu iliyopinda, alilitandaza sakafuni katikati ya chumba, akavua kandambili, akajilaza chali, na kubaki hapo kwa muda unaotosha kikombe cha chai kutoka kuunguza mpaka kunyweka. Macho hayaoni kitu kwenye godoro, alisema. Mgongo ndio unaoona. Kibonge cha pamba kidogo kama punje ya mahindi alikigundua kwa bega, akageuka, akafumua, akachambua, akashona upya. Miaka thelathini na kitu alifanya hivyo, mpaka watu wakasahau jina lake wakabaki wanamwita Mzee Godoro, na wateja wakawa wanamtania kwamba wanauziwa usingizi uliokwisha kuonjwa.

Lakini tangu mkewe afariki, mwaka mmoja na nusu sasa, chai ilikuwa inapoa, inaota utando, inzi anakuja kuogelea humo, naye hajainuka. Usiseme alikuwa analala. Alikuwa anaelea. Pamba chini yake ililainika ikawa maji, chumba kikajichomoa katikati ya vyumba vya jirani polepole, kama uzi unaotoka kwenye pindo, kikaanza kwenda. Hakikuwa na haraka. Na pale miguuni pake, mahali alipozoea kukaa, mkewe alikuwa amekunja miguu anachambua mbegu kwenye pamba, akisema mambo madogo madogo: kitasa cha mlango kimelegea, ndoo ya bluu inavuja, mtoto hajapiga simu wiki ya pili hii.

Alasiri moja simu ikalia kweli.

"Baba, umelala?"

"Nipo kazini."

"Naijua kazi hiyo," binti akasema, akacheka.

Huyo ndiye mtoto wao, wa kwanza na wa mwisho. Mwaka wa sita huu alikuwa kwenye meli, zile meli kubwa za matembezi zenye ghorofa kama hospitali, na kazi yake ilikuwa kutandika vitanda vya abiria. Nyumbani alirudi mara moja tu, mwaka wa pili. Mama yake alipofariki aliomba ruhusa aje. Mabwana wa meli wakataka karatasi ya kuthibitisha. Baba mtu akaitafuta hiyo karatasi, akaenda kwenye duka la kutoa kopi ikatumwa, na baada ya siku tatu binti akapiga simu akilia: wamekataa. Tangu siku hiyo Mzee Godoro hakuwa na neno jema kwa mabwana wa meli, wala kwa bwana mwingine yeyote mwenye meza na kalamu. Mtu akae juu ya maji, hajui hata kaburi lilichimbwa wapi, halafu amwambie mtoto wa watu kwamba kifo cha mama yake hakijamtosheleza!

"Baba, sikiliza vizuri. Kampuni inatoa nafasi kwa wazazi wa mfanyakazi aliyefikisha mwaka wa sita. Siku saba melini. Bure."

"Kwenda wapi?"

"Nchi tano. Mnazunguka, halafu mnarudishwa bandari ileile mliyopandia."

"Tunarudishwa palepale? Sasa hapo tutakuwa tumekwenda wapi?"

Mlangoni, kwenye cherehani, shemeji yake aliachia kicheko. Alikuwa mdogo wa marehemu, mshona foronya, ulimi wake una makali kuliko mkasi. "Mwambie baba yako hajawahi hata kuogelea kwenye beseni!" akapiga kelele ili simu isikie.

"Shikamoo mama mdogo!"

"Marahaba! Mchukue huyu mzee umpeleke, ananimalizia magodoro ya watu kwa kuyalalia!"

Binti akasubiri kicheko kiishe. Kisha sauti yake ikawa ya mtu anayesoma. Pasipoti. Picha mbili, ukuta mweupe nyuma. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Viza ya nchi yenye bandari ya kupandia, hiyo yeye na kampuni wataishughulikia pasipoti ikipatikana. Na cheti cha kifo cha mama.

"Cha nini tena? Mama yako anasafiri?"

"Nafasi niliiandikisha nilipoanza kazi, baba. Chumba kina majina mawili, lako na lake. Bila cheti chake wanangoja pasipoti mbili, na bila pasipoti mbili hakuna tiketi. Vyote viwe vimefika tarehe ishirini. Na hicho cheti, baba, kachukue kipya. Usiniletee kile cha zamani."

"Cha zamani kina nini? Nimekihifadhi kwenye kisanduku cha bati, hakina hata kunyanzi."

"Kachukue kipya tu, baba yangu. Naomba."

Hakuuliza zaidi. Alikuwa ameshaanza kuelea. Siku saba na mtoto wake. Atamwona akipita kwenye ukumbi na mashuka mikononi, atamwita, mtoto atageuka. Miaka minne alikuwa hajamwona akigeuka.

*

Mpiga picha alimkalisha kwenye stuli mbele ya shuka jeupe lililotobolewa na sigara pembeni.

"Mzee, funga mdomo. Pasipoti haitaki meno."

"Nimebakiwa na machache, hayatamtisha mtu."

"Na usitabasamu. Angalia kama mtu anayedaiwa maelezo."

Hiyo haikumpa shida. Picha ilipotoka aliitazama muda mrefu kando ya barabara, watu wakimpita kulia na kushoto. Ukiacha ile ya kitambulisho, hakuwahi kupigwa picha peke yake. Picha zote za nyumbani mkewe yumo, amemshika mkono kama anayezuia mtu asidondoke. Katika hii kulikuwa na weupe mtupu upande wa kushoto, na yeye alikuwa ameegemea huko kidogo.

Kesho yake akaenda ofisi ya vitambulisho na pasipoti, jengo refu lenye ngazi pana mbele. Ndani, ukumbi ulikuwa mrefu na mwembamba, milango yenye namba pande zote mbili, madirisha madogo ya vioo, feni za dari zinavuma kwa mlio mmoja usiokatika. Watu walikaa kwenye mabenchi wakiyumba pamoja kila foleni iliposogea hatua moja. Mzee Godoro akawaza, labda ndani ya meli kuko hivi. Isipokuwa meli hii haiendi. Miaka yote inavuma tu hapa, imejaa abiria, na nahodha yuko kwenye kikao.

Alikaa akahesabu matangazo ukutani bila kuyasoma. Kusoma hakujui, usimcheke. Darasa la pili lilimtoa nje kwa sababu ya ng'ombe wa baba yake waliotaka mchungaji. Kitu kimoja tu alichokijua katika mambo ya maandishi, nacho alifundishwa na mkewe, jioni moja mwaka walipooana, kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu ya saruji: jina lake. Majina yote matatu. Herufi kubwa, zinapanda kidogo kuelekea kulia kama zinazopanda ngazi. "Ukikuta mstari mrefu mtupu," mkewe alimwambia, "andika hili. Mengine yote niachie mimi." Na kwa kweli mengine yote alimwachia. Fomu za shule ya mtoto, za kliniki, za mkutano wa mtaa, mke alizijaza, kisha akamwonyesha kwa kidole: hapa. Naye akaandika.

"Anayefuata!"

Dirisha namba nne alikuwamo karani wa kike, mdogo kwa binti yake, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"Shikamoo baba. Lete kitambulisho."

"Marahaba mwanangu. Hiki hapa."

Karani akagonga namba kwenye kompyuta. Akasogeza uso karibu na kioo. Akagonga tena, taratibu zaidi, kila tarakimu akiitaja kwa midomo.

"Baba, hiki kitambulisho ni chako?"

"Changu."

"Na sura hii ni yako?"

"Ni mimi. Ilikuwa na nywele zaidi."

Karani hakucheka. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akainama kwenye tundu la kioo kama anayetaka kumnong'oneza siri ya ndoa ya mtu. "Baba, samahani sana. Mwenye kitambulisho hiki ni marehemu."

"Nani?"

"Wewe."

Nyuma yake, mwanamume aliyebeba bahasha ya kaki akasikia. "Kama ni marehemu basi asogee pembeni," akasema kwa sauti, "sisi tulio hai tuna haraka!" Benchi zima likalipuka. Hata askari wa mlangoni alikohoa ili asicheke.

Mzee Godoro hakuhisi hasira mwanzoni. Alihisi ubaridi mzuri, kama wa kuingia kivulini. Karani akageuza kompyuta ili aone. Kulikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa na rangi nyekundu.

"Huu mwekundu ni wewe. Tarehe ya kufariki hii hapa, mwaka jana." Ilikuwa ni tarehe aliyoijua. "Na huu wa kijani chini yako ni mkeo. Yeye yuko hai. Hali ya ndoa, mjane."

"Mke wangu ni mjane?"

"Ndivyo inavyosema."

Alisimama akiutazama ule mstari wa kijani. Hakuweza kuusoma, lakini rangi aliiona, mbichi kama jani. Mwaka mmoja na nusu, ndani ya boksi hilo la chuma, mkewe alikuwa akiishi. Alikuwa ameamka kila asubuhi, amefunga kitambaa chake, amehesabiwa na serikali. Na yeye, aliyekuwa nje huku anashona magodoro, ndiye aliyekuwa amekwenda. Ikamjia kwamba hilo ndilo lilikuwa jambo sahihi, na kwamba mwili wake ulikuwa umelijua muda wote. Na hakuna aliyemsumbua kwa ajili hiyo. Mtu asiye na akaunti wala kesi anaweza kuwa marehemu serikalini mwaka mzima na nusu, akanywa chai yake bila kuitwa popote.

"Nani kafanya hivi?" akauliza hatimaye.

"Sijui, baba. Nenda juu kwa mkuu wa ofisi. Faili liko masijala."

Hapo ndipo hasira ilipomjia, na ilikuwa imemtafuta muda mrefu. Akapanda ngazi akijisemea kwa sauti. Watu hawa! Wanakaa kwenye viti vinavyozunguka, mshahara unaingia, kazi yao moja tu, kuandika aliye hai huku na aliyekufa kule, na hiyo nayo imewashinda! Fundi magodoro akiacha kibonge kimoja anarudishiwa mzigo siku hiyohiyo. Wao wameua mtu mzima, hakuna aliyerudisha kitu!

Mkuu wa ofisi alikuwa kwenye kikao. Akatoka kwenye kikao akaenda kula. Akarudi. Saa nane na nusu ndipo Mzee Godoro alipoingizwa kwenye chumba chenye zulia, akakuta mwanamume mnene wa makamo, macho mekundu ya usingizi, amefungua faili la buluu.

"Keti, mzee wangu."

"Marehemu hakai. Nitasimama."

Mkuu akamtazama, akaamua kumeza. Akageuza faili juu ya meza. "Hii ndiyo fomu iliyoletwa kuomba cheti cha kifo. Mstari wa juu kabisa unasema: jina la marehemu. Naomba uniambie, mwandiko huu unaujua?"

Mzee Godoro akainama. Herufi kubwa, zinapanda kidogo kuelekea kulia.

Alikaa bila kuambiwa tena.

Siku ile yote ikamrudia, lakini kwa mbali, kama kitu kinachoonekana chini ya maji. Siku ya nne baada ya maziko. Dirisha, sijui namba ngapi. Fomu ikasukumwa mbele yake. Hakukuwa na kidole cha kumwonyesha hapa. Akauona mstari mrefu mtupu, akafanya jambo pekee alilofundishwa. Kitambulisho cha mke kilikuwa kimebaki hospitali, basi akaweka chake. Karani wa siku hiyo akamuuliza bila kuinua uso: alifariki lini, ugonjwa gani, umri gani, naye akajibu, na karani akajaza, akanakili namba ya kile kitambulisho kilichokuwa mezani. Cheti kilipotoka Mzee Godoro alikitazama, akaliona jina lake juu, akaridhika. Karatasi ya nyumba yake ingekuwa na jina la nani?

Na karatasi hiyohiyo ndiyo iliyotumwa melini.

Binti kaomba ruhusa ya kumlilia mama, mabwana wa meli wakapokea cheti cha mwanamume. Wangefanyaje? Mwaka mmoja na nusu amewaapiza watu wasiomjua. *Kachukue kipya, baba yangu. Naomba.* Mtoto alijua. Alijua tangu siku ile, akalibeba peke yake huko kwenye maji, akikunja pembe za mashuka.

"Mzee, uko salama?" mkuu akauliza.

"Hapa chini," Mzee Godoro akasema, sauti kama ya mtu mwingine, "kuna sahihi ngapi?"

Mkuu akatazama. "Tatu. Karani, msimamizi wake, na... na ya kwangu."

"Na mimi nilikuwa nimesimama dirishani."

"Ulikuwa umesimama."

"Mtu mmoja mjinga aliandika jina lake. Watu watatu waliosoma wakamtazama anapumua, wakapiga muhuri kwamba amekufa. Sisemi kosa si langu. Langu liko hapo juu, nimeliona. Nauliza tu, yenu yale matatu nani anayabeba?"

Alijiandaa kwa ugomvi; alikuwa nao mwingi, ungetosha mpaka jioni. Lakini mkuu alifumba faili, akalifumbua, akasema, "Ni kweli, mzee. Mimi sikusoma. Zilikuwa nyingi siku hiyo, nikapiga muhuri." Basi. Mzee Godoro akabaki na ugomvi wake mkononi hana pa kuuweka.

Zikaletwa fomu mbili. Mkuu akamweleza kwa utulivu. Ya kwanza ni ya kumrudisha yeye kwenye walio hai. Alama za vidole, sahihi, picha, na pasipoti inaweza kuanza leo hii, itakuwa tayari baada ya siku tisa. Ya pili ni ya kumwandika mkewe. "Hizi ni kazi mbili tofauti. Ukitaka ya kwanza leo, na ya pili siku nyingine, sisi hatuna neno. Lakini tarehe ishirini uliyonitajia nayo haitangoja. Ofisi inafungwa saa kumi."

Ya kwanza aliimaliza haraka. Alibonyeza vidole vyake vigumu kwenye kioo kidogo cha kijani, akaandika jina lake kwenye mstari alioonyeshwa, akawa hai. Hakusikia tofauti yoyote.

Ya pili akatoka nayo nje, akaketi kwenye benchi la ukumbini, karatasi juu ya magoti.

Feni zilivuma. Watu walikuwa wamepungua, jua la alasiri limeingia kwa ubavu na kulala sakafuni kama shuka lililoanikwa chini. Huko nyuma ya dirisha namba nne mstari wa kijani bado ulikuwa unawaka. Yeye sasa hai, na yeye mkewe hai. Wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akiiacha karatasi hii kwenye benchi akaondoka, watabaki hivyohivyo, mume na mke kwenye kompyuta ya serikali, na hakuna mtu duniani atakayewagusa mpaka na yeye afe. Ila hatamwona mtoto. Mabwana wa meli watangoja pasipoti mbili. Tarehe ishirini itapita, nafasi itakwenda kwa wazazi wa mtu mwingine, na mtoto ataendelea kutandika vitanda vya wageni.

Benchi likaanza kuelea. Hakulizuia.

Foleni ilikuwa imerudi, ndefu, inatoka nje mlangoni na kushuka ngazi, na watu wote walikuwa na vijikaratasi vya namba. Mkewe alikuwa nyuma yake kabisa. Amefunga kitambaa chake cha njano, amebadilisha mguu wa kuegemea, kama alivyofanya kila aliposimama sana.

"Na wewe unafuata nini huku?" akamuuliza.

"Nimekufuata nini mimi? Uliniweka wewe hapa."

"Lini?"

"Siku ile. Ukaniambia ngoja kidogo, nami nangoja. Kila mara wanaita, nainuka, wananiambia hapana mama, wewe bado." Akampa namba yake aione. Ilikuwa imefutika kwa jasho la kiganja. "Nimechoka kusimama, mume wangu. Miguu imejaa."

"Nilidhani unafurahi. Nilikuona wa kijani."

"Wa kijani!" Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Wewe umezoea kulala, basi unadhani kila mtu anapumzika. Sogea nipite."

"Ukipita sitakuona tena humu."

"Humu ofisini ulitaka kunionea nini?"

Kuna mtu aliangusha rundo la mafaili, na benchi likagusa sakafu.

Saa ya ukutani aliijua kwa pembe za mishale: bado kama robo saa hivi. Akainuka, magoti yakalia, akaenda dirisha namba nne. Karani alikuwa anaanza kukusanya kalamu zake.

"Mwanangu, nisaidie. Huu mstari wa juu unataka jina la mke wangu."

"Nikuandikie?"

Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. "Hapana," akasema. "Liandike pembeni kwenye karatasi nyingine, nami nitalifuata."

Karani akaandika, herufi kubwakubwa, akalisukuma chini ya kioo. Mzee Godoro akalitazama. Hakuwahi kuliona. Miaka thelathini na tatu amelitamka, amelitamka kwa hasira, kwa kubembeleza, kwa kuuliza chumvi iko wapi, wala hakujua kwamba limekaa hivi, kwamba lina herufi mbili zilizofanana zimesimama pamoja katikati kama watu wanaoongea. Akashika kalamu kama anavyoshika sindano. Akaanza.

Alikwenda polepole mno. Herufi ya tatu iligeuka nyuma mbele, karani akamwambia kwa upole, naye akaifuta, akairudia. Mlinzi akaja kusema wanafunga, karani akamwinulia mkono bila kumtazama. Kwa kila herufi Mzee Godoro alikuwa anasimama kidogo kabla ya kuivuka kwenda nyingine. Ile ya mwisho aliishikilia muda mrefu, ncha ya kalamu imegusa karatasi, wino unatuna. Kisha akainua mkono.

"Safari hii soma," akamwambia karani. "Soma yote kabla ya kupiga muhuri."

Karani akasoma, kwa sauti, kutoka juu mpaka chini. Jina. Jinsia, mke. Umri. Tarehe. Akauliza, "Ni sahihi, baba?"

"Sahihi."

Muhuri ukaanguka. Kwenye kompyuta kijani kikazimika, na mzee akawa ameshageuza uso.

*

Nje, kwenye ngazi pana, alimpigia binti. Iliita mpaka akadhani haitapokelewa.

"Baba? Kuna nini saa hizi?"

"Ni mimi niliyejiandika," akasema. Hakujua kuzunguka. "Ile karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu. Na wewe ulijua."

Kwenye simu ulisikika mngurumo mkubwa wa chini, wa mashine.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Iliponifikia, baba, nilidhani na wewe umekwenda. Nilikuwa na mashuka mikononi, nikakaa nayo chini kwenye korido. Nikapiga simu. Ukapokea, ukaniambia umetoka kunywa chai. Nikalia, ukanibembeleza." Akavuta pumzi. "Wakaniambia niombe karatasi nyingine. Ningekuambia nini? Baba, umejiandika umekufa? Sauti yako siku zile ilikuwa hivyohivyo. Nikaona bora niseme wamekataa."

"Nimewatukana watu mwaka mzima na nusu."

"Watukane tu, baba. Hawajakosa makosa mengine."

Mzee akacheka, na kicheko kikamtoka na machozi. Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Sasa nimeandika vizuri. Jina lake lote. Nimeliandika mimi."

"Wewe? Kwa mkono wako?"

"Herufi moja iligeuka."

Mngurumo uliendelea. Kisha binti akauliza, kwa sauti ndogo ya miaka ya zamani, "Kwa hiyo unakuja?"

"Siku tisa pasipoti itatoka. Kesho nachoma sindano ya homa ya manjano. Nakuja."

"Nina dakika tano, halafu nirudi kazini."

"Basi usikate. Hapo ulipo unaona nini?"

"Maji tu, baba."

"Ya rangi gani?"

"Ngoja nisogee dirishani." Akasikia hatua zake. "Huku karibu ni kijivu. Mbele kidogo yanakuwa kama chuma kilichosuguliwa. Kule mwisho sijui nikuambie nini, hakuna mstari. Maji na mbingu vimeshonwa pamoja."

"Mshono hauonekani?"

"Hauonekani."

Alisimama katikati ya ngazi, jicho limefumbwa nusu, akiusikiliza ule mngurumo ukimpandia kwenye nyayo. Makarani walikuwa wanatoka na mikoba yao, wakigawanyika kumpita pande mbili. Askari akafunga mlango mkubwa nyuma yao, akageuka akamwona.

"Mzee, unaziba njia. Tumefunga."

"Naondoka," akasema, mkono umeuziba mdomo wa simu. Lakini hakusogea bado. Binti alikuwa anamweleza kwamba kuna ndege mmoja mweupe huko nje, ametua juu ya maji, na hajainuka.